Siku Mwanangu Alipofunga Matatu Asicheze Punta

Mwanangu alifunga magoli matatu mechi moja. Kijiji kizima kiliruka.

Mimi peke yangu sikuruka.

Hakucheza punta.

Selvin ni winga, anakipiga Ugiriki. Anafunga kama karogwa. Na kila akifunga hukimbilia kibendera cha kona akacheza punta, ngoma yetu sisi Wagarifuna, uzao wa Waafrika waliovuka bahari. Huyu hata msiba wa baba yake aliucheza, maana kwetu wafu tunawaaga kwa punta.

Leo kafunga, kasimama kama nguzo ya umeme.

Tulikuwa kwa kaka yangu Crisanto, mbele ya runinga, tunakuna muhogo wa mikate.

"Crisanto, mtoto anaumwa."

"Kafunga matatu, dada! Anaumwa nini, utamu?"

Watu wakaangua kicheko. Jirani yangu Teófila akadakia, "Wewe Eulalia, mwanao akipewa pepo utauliza kama kuna mbu!"

"Kocha kawakataza kucheza ngoma uwanjani," Crisanto akasema. "Hayo mambo ya kikazi, huyajui."

Nilikuna muhogo mpaka nikakuna na vidole.

Mechi iliyofuata, hivyo hivyo. Anafunga, anasimama. Usingizi ukanihama.

Nikampigia simu ya video.

"Mama, niko fiti."

"Haya, nichezee kidogo."

"Mama, jamani! Kuna watu hapa."

"Baba yako alikuwa kwenye jeneza ukacheza. Leo unaona haya?"

Akaegemeza simu mezani, akaanza. Kiuno kikaenda. Lakini punta inaanzia kwenye nyayo, na mguu wa kushoto uligoma kabisa. Akakaa chini, machozi yanamtoka.

"Wakala wangu ananitafutia sindano za ganzi kabla ya mechi. Daktari wa timu hajui. Jumapili timu kubwa inakuja kuniangalia, mama. Mechi moja tu."

"Na kucheza punta nani kakukataza?"

Akajifuta machozi.

"Mjomba. Wakala kamwahidi fungu lake nikiuzwa. Alisema nikicheza, wewe utaona."

Crisanto! Kaka yangu wa tumbo moja!

Kigiriki sikijui, huyo daktari ningemwambia nini? Nikamwambia Selvin, "Kesho nenda kwake. Usiseme neno. Cheza punta mbele yake. Usipocheza nakuja huko, hata kwa kuogelea."

Alicheza. Daktari hakumwacha amalize. Picha zikaonyesha mfupa una ufa. Mechi moja zaidi ungekatika.

Jumapili ile timu kubwa ilimkuta jukwaani na magongo. Ikaondoka zake. Crisanto hanisalimii mpaka leo.

Juzi Selvin kafunga tena, kwenye timu yake ileile ndogo. Goli sikuliona. Nilikuwa natazama nyayo. Zote mbili zilicheza.

Mama mwenzangu mwenye mtoto ughaibuni, usishangilie tu anachofanya. Tazama alichoacha kufanya.

Na yule anayecheka wasiwasi wako kuliko wote, muulize anajua nini.