Kikao cha Penati

Kama kuna mtu anadhani kuendesha mpira wa wilaya ni kupuliza filimbi na kugawa vikombe, angekuja Hanang enzi za mashamba ya ngano ya serikali akae na mimi msimu mmoja tu. Nilikuwa katibu wa chama cha mpira, mwamuzi, mtunza mpira na mshona nyavu, vyote kwa mpigo. Kazi iliyonilisha ilikuwa ukarani wa ghala la vipuri katika shamba mojawapo la ngano, na nyavu zenyewe nilizishona kwa kamba za magunia ya shamba hilo. Mbuzi walizila. Nikashona nyingine, wakazila tena, na mwenye mbuzi akaja ofisini kunilalamikia kwamba kamba zangu zimewaumiza wanyama wake matumbo.

Uamuzi nilijifunza Arusha kwa siku tatu. Nilirudi na filimbi na kijitabu cha sheria cha Kiingereza, nikakitafsiri kwa mkono na kusambaza nakala Gendabi, Endasak, na hata nyumbani kwetu Bashay, ingawa Mbulu haikuwa wilaya yangu ya kazi. Sheria iliyonipendeza kuliko zote ilikuwa ile inayosema uamuzi wa refa ni wa mwisho. Niliipigia mstari mara mbili. Ningejua yatakayonikuta, nisingepoteza wino.

Kosa nililifanya mwenyewe, na ndiyo maana linaniudhi mpaka leo. Msimu wa kwanza, pale Gendabi, lilifungwa goli lenye utata na fimbo zikaanza kunyanyuliwa. Mzee mmoja wa kijiji, mrefu, blanketi jeusi begani na hasira karibu karibu, akaingia uwanjani akasema watu hawapigani kwa jambo ambalo halijakaliwa. Kwa desturi yao wenye ugomvi huketi chini. Anayesema anashika majani mabichi mkononi, na akiwa ameyashika hakuna wa kumkatiza, naye hasemi uongo. Nikaona afadhali dakika kumi za kikao kuliko vichwa vya kushonwa zahanati. Nikakubali.

Kuanzia siku ile kila filimbi yangu ilikaliwa. Penati, kikao. Kuotea, kikao. Endasak waliwahi kukaa kwa sababu ya mpira wa kurusha, nusu saa nzima, mpaka timu iliyoshinda shauri ikasahau nani alitakiwa kurusha. Nikaandika waraka wa kupiga marufuku vikao uwanjani, nikaupiga chapa kwa mashine ya shamba na kuupeleka kwa baiskeli kijiji hadi kijiji. Wakakaa kuujadili waraka. Na hayo majani waliyokuwa wakiyang'oa yalitoka wapi? Kwenye uwanja wangu! Pale Gendabi, alama ya penati ikawa katikati ya kipara cha vumbi, maana hapo ndipo palipokaliwa zaidi.

Nilikuwa naumia, sitaficha. Wenzangu wa wilaya nyingine walinyoosha mkono tu na watu wakatii. Mimi nilikuwa mlalamikaji kama walalamikaji wengine. Nilitaka kitu kimoja tu, nipulize filimbi na watu waamini.

Halafu ikaja fainali ya msimu wa pili, timu ya shamba la ngano dhidi ya Gendabi, kwenye uwanja huo huo wa Gendabi. Mkoa ulikuwa umetuandikia kwamba fomu yenye jina la bingwa ifike Arusha Jumatatu, la sivyo wilaya yetu isihesabiwe kwenye ligi ya mkoa mwaka unaofuata. Basi la Arusha lilikuwa linaondoka Katesh alfajiri ya kesho yake. Isitoshe, ulikuwa wakati wa mavuno. Nusu ya timu ya shamba walikuwa madereva wa kombaini, na lori la kuwarudisha kwenye zamu lingeondoka saa kumi na mbili kamili, mchezo umekwisha au haujakwisha. Meneja wa shamba aliniambia hivyo mbele ya watu, akinionyesha saa yake.

Tulipaswa kuanza saa tisa na nusu. Saa tisa na nusu ng'ombe wakaanza kupita katikati ya uwanja kwenda kunywa maji. Nikamkimbilia mchungaji wao nikamwomba awazungushe pembeni.

"Karani," akanijibu bila haraka, "hii njia imekuwepo kabla ya uwanja wako."

Wakapita wote, mmoja mmoja, na ndama wa mwisho akasimama kwenye duara la kati akajisaidia. Tukaanza saa kumi na dakika tano. Mshika kibendera wangu wa kulia alikuwa katekista aliyekuwa akiinua kibendera kila alipofurahi. Wa kushoto alisahau kazi kabisa akawa anashangilia Gendabi. Mpaka zimebaki dakika tano hakuna aliyekuwa amefunga.

Hapo nikasikia lori likiwashwa, nikageuka kuliangalia. Niligeuka kwa sekunde mbili au tatu. Nyuma yangu wachezaji wa shamba wakapiga kelele, "Mkono! Mkono!" Nilipogeuka tena mpira ulikuwa umelala mbele ya beki wa Gendabi, ndani ya eneo la hatari, na nusu ya watu wamenyoosha vidole. Nikapuliza filimbi na kuonyesha penati. Nilipuliza kwa sababu walipiga kelele, kwa sababu tulikuwa tumechelewa, na kwa sababu nilikuwa nimechoka na ng'ombe, na katekista, na wilaya nzima.

Kikao kikaanza. Mzee wa blanketi jeusi alikuwa ameshafika kwenye kile kipara kabla filimbi haijanyamaza. Beki, mwanamume wa miaka ishirini na kitu, baba wa watoto wawili, akapewa majani.

"Mimi sijashika," akasema. "Mpira umenipiga hapa." Akagusa kifua.

Alikuwa amevaa shati jeupe. Kifuani palikuwa na alama ya vumbi, ya mviringo, kubwa kiasi cha mpira. Mimi niliyekuwa nimeketi mbele yake niliiona vizuri sana. Wazee walikuwa wameketi pembeni yake, wakiniangalia mimi.

Yale majani yakaletwa mkononi mwangu.

"Wachezaji leo hatuwaulizi," mzee akasema. "Kila mmoja anavutia kwake. Wewe karani ndiye uliyeshitaki. Umeona kwa macho yako?"

Lori likapiga honi. Nikisema sikuona, penati inafutwa, na lori halitasubiri dakika za nyongeza, na fomu inakwenda Arusha haina jina. Hilo ndilo nililojiambia baadaye, mara nyingi. Lakini pale chini, majani mkononi, sikufikiria fomu. Nilifikiria kwamba nikisema sikuona, kijiji kizima kitajua kuwa refa wao hupulizia mambo asiyoyaona, na kwamba miaka miwili ya vikao walikuwa na haki ya kunikalisha.

"Niliona, mzee," nikasema. "Ni mkono."

Nilitegemea mabishano. Nilikuwa nimejiandaa kwa mabishano, miaka miwili sikuwa nimepata kitu kingine. Mzee akainuka, akakung'uta blanketi, akamwambia beki, "Amesema na majani mkononi. Toka hapo, wapige."

Beki akaniangalia, halafu akaliangalia shati lake. Hakulifuta. Akatoka kwenye eneo la hatari na kusimama kwa wenzake. Penati ikapigwa, ikaingia, lori likaondoka saa kumi na mbili kamili na mabingwa wakiimba juu yake. Mimi nikajaza fomu, na fomu ikafika, na wilaya yetu ikacheza ligi ya mkoa. Barua ya pongezi niliibandika ukutani ghalani, nikaibandua baada ya juma moja.

Msimu uliofuata mchezo wangu wa kwanza ulikuwa Gendabi. Kipindi cha pili nikapuliza penati dhidi ya wenyeji, na hiyo nilikuwa nimeiona kwa macho mawili. Kwa mazoea nikaenda kwenye kipara, nikaketi chini, nikasubiri. Hakuna aliyeketi.

"Inuka, karani," mzee akaniambia kutoka pembeni ya uwanja. "Wewe tulishakusikia. Neno lako linatosha."

Nikainuka nikijipangusa vumbi. Yule beki alikuwa ameshaufuata mpira. Akaja nao mwenyewe, akauweka kwenye alama, akautuliza kwa mkono usibingirike. Alipoinuka tulikuwa uso kwa uso.

"Shikamoo, refa," akasema.

Nikapuliza filimbi, penati ipigwe.