Nusu Kidonge cha Marsiana

Marsiana, aliyetoka Uvira akaolewa Rusimbi, ng'ambo ya ziwa, alikuwa na miaka mitatu hajaanguka kifafa. Mtu akikaa miaka mitatu bila kuanguka, husahau upesi kwamba kidonge ndicho kinachomsimamisha. Alipika mawese kwa mapipa, akiinamia moto ambao utotoni mama yake hakumruhusu hata kuusogelea.

Mwaka tisini na sita, vita vilipopamba moto kwao, mdogo wake Devota akavuka ziwa na kanga moja mwilini. Ugonjwa wao ni mmoja, waliurithi kwa baba. Dawa za Devota zilizama pamoja na mizigo, na zamu yake katika foleni ya dawa ya wakimbizi ilikuwa bado haijafika. Kwao chakula cha mmoja hukatwa viwili mgeni akija, naye Marsiana hakuona kwa nini kidonge kiwe tofauti. Akachukua kisu.

"Yaya, na weye utabakia na nini?" Devota alimuuliza dada yake.

"Meza, mdogo wangu. Siku ya kliniki si mbali."

Tabibu Martini wa kliniki alikwisha kumwonya. Dawa hii haitoki mwilini kwa siku moja. Ini huivunja polepole, figo huitoa kwa mkojo, na kila siku nne hivi hupungua nusu ya iliyobaki. "Ndiyo maana ukiipunguza hutaona kitu mara moja," alisema, "na hapo ndipo penye hatari." Marsiana alishika lile la kutoona kitu, la hatari akaliacha mlangoni. Binadamu ni hodari wa kusikia nusu.

Wiki ya kwanza ikapita shwari.

"Yaya, niko tu muzuri!" Devota alicheka.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Devota alipewa mti wa kukorogea mafuta. Marsiana akajiona mjanja kuliko tabibu. Kumbe dawa ilikuwa ikishuka katika damu ya wote wawili, siku baada ya siku, bila kelele.

Asubuhi ya siku ya kumi na mbili, mafuta yakitokota, Marsiana alisikia harufu ya nywele zinazoungua. Hakukuwa na nywele zilizoungua. Harufu hiyo humtangulia kila anapotaka kuanguka, na humwachia pumzi chache tu. Akarudi nyuma hatua tatu, akaketi chini mbali na moto, akamshukuru Mungu.

Ndipo akainua macho amwite mdogo wake. Devota alikuwa ameacha kukoroga. Alisimama ameliinamia pipa, macho yamekodoka hayaoni, mkono umeanza kutetemeka. Marsiana akafungua kinywa apige kelele, lakini ulimi haukumtii tena.