Kupiga Picha Vikapu vya Mama Mkwe

Kwa miaka tisa ya ndoa nilikuwa sijawahi kuiona vizuri mikono ya mama mkwe wangu. Si kwamba tunaishi mbali. Kutoka kwake Makere mpaka kwetu Kasulu mjini ni safari ya asubuhi tu. Ni heshima. Katika ukoo wao mkwe wa kiume hampi mkono mama wa mke wake, hali naye sahani moja, wala hakai naye chumba kimoja wakiwa wawili. Akija kwetu hukaa barazani, mimi hukaa ndani, na mke wangu hupita katikati akibeba salamu.

Mama huyu anasuka vikapu, vile vyenye vifuniko vilivyochongoka ambavyo huku tunapelekea unga na maharage harusini. Nyasi anakata mwenyewe bondeni, nyuzi za mgomba anachambua mwenyewe, na ile rangi nyeusi anaipata kwa kuzika nyuzi kwenye tope siku kadhaa. Wasukaji wengi siku hizi wamehamia nyuzi za viroba, maana hazihitaji kulowekwa. Yeye hataki hata kuzisikia.

Mwaka jana alitangaza kwamba anaacha. Sokoni watu walikuwa wanavipita vikapu vyake wakienda kununua mabeseni. Hakulalamika, alisema tu kwamba akimaliza vile sita vilivyokuwa mikononi, sindano anaiweka chini. Mke wangu alihangaika na simu mpaka akampata mwenye duka la mapambo Dodoma, naye akaomba picha. Kazi ya picha ikaniangukia mimi, kwa sababu mimi ni fundi simu, na fundi simu hapa mjini anahesabiwa kuwa anajua kila kitu chenye kioo. Niseme ukweli, sifa hiyo sikuikataa.

Mama akaja kukaa kwetu siku chache na vikapu vyake, nami nikaanza kwa mbwembwe. Niliazima taa ya duara kwa dada mmoja anayeuza nguo mtandaoni, nikatandika karatasi ya manila mezani, nikaumwaga mwanga wote usoni mwa kikapu. Kiking'aa, mimi nafurahi. Mwenye duka akajibu kwa ujumbe wa sauti, kwa upole kabisa: "Samahani kaka, mbona kama ni vya plastiki?"

Mke wangu, bila kufikiri, akauchezesha ule ujumbe mama yake akiwa barazani. Kisha nikamsikia mama akisema taratibu, "Mimi? Plastiki?" Nilitamani ardhi inimeze. Mama wa watu kasuka maisha yake yote, na mimi nimemgeuza tapeli kwa taa ya kuazima.

Tukaomba kurudia. Mwenye duka akatupa mpaka jioni ya siku iliyofuata. Siku hiyo mke wangu alikuwa na semina ya walimu Kibondo, akaondoka asubuhi na mapema. Tukabaki wawili, mimi ndani na vikapu, mama mkwe barazani akikimalizia kile cha sita, na hakuna wa kupita katikati.

Taa nikaiacha kwenye boksi lake. Nikaweka kigoda karibu na mlango wa barazani, lakini jua la saa nne wakati wa kiangazi halina utani. Kwenye picha upande mmoja wa kikapu uliungua kwa mwanga, mwingine ukawa giza. Nikachukua shuka jeupe nilitundike mlangoni, lichuje ule ukali.

"Samahani mama," nikasema nikiangalia pembeni, "naziba mlango kidogo kwa ajili ya picha."

"Ego, mkwe," akakubali kwa lugha ya kwao. "Hata mimi nitakaa vizuri."

Na kweli alikaa vizuri. Alivuta mkeka mpaka karibu kabisa na shuka, akaanza kuuliza nafanya nini na kwa nini, maswali ambayo kwa miaka tisa yalikuwa hayawezi kupita kinywani mwake. Nikapiga picha ya kwanza, nikaiweka simu sakafuni, nikaisukuma chini ya pindo la shuka. Ikakaa huko kidogo, ikarudi na hukumu.

"Bado umekipiga usoni. Mimi nikitaka kujua kama mstari umepinda, nakiweka mwanga ukipite ubavuni. Hapo hakuna uzi unaojificha."

Nikasogeza kigoda, mwanga ukapita ubavuni. Nikaona mstari mmoja mmoja umeinuka, na kivuli chembamba pembeni yake. Ni kikapu kilekile, lakini sasa ungeweza kuhisi ukavu wa nyasi kwa macho. Nikalalamika kwamba upande wa pili umebaki mweusi. "Si uweke sinia?" akasema, kama anamwambia mtoto avae viatu. "Mawingu yakitanda mimi husuka na sinia mapajani, linanirudishia mwanga." Nikaleta sinia, giza likapungua. Mimi niliyetazama video za mafundi wa picha mpaka bando likaisha! Nilimstaajabia mama yule, na hadi leo namstaajabia.

Tukaenda hivyo. Kwenye kikapu cha nne mstari mmoja ulikuwa umepinda, nikakigeuza usionekane. Simu ikarudi haraka. "Kirudishe. Akija kuuona mwenyewe atasema tulimficha."

Saa tisa nikawa nimetuma picha za vikapu vitano. Mwenye duka akaandika kwamba sasa anaona kazi ya mikono, ila ataamua akipata moja yenye mkono wa mtu, ajue ukubwa. Nikaweka mkono wangu. Nyuma ya shuka nikasikia kicheko. "Mkwe, mkono wako umekifanya kikapu kiwe kikombe."

Kisha nikamsikia akijisogeza kwenye mkeka. Nilijua anawaza nini, maana na mimi nilikuwa nawaza hilohilo na nisingethubutu kulitamka.

"Wewe angalia simu yako tu," akasema.

Chini ya shuka ikatokea mikono miwili hadi kwenye viwiko, na kikapu cha sita, na sindano. Ikaanza kusuka. Niliitazama kwenye kioo cha simu, kama nilivyoamriwa. Kidole gumba kilichopinda kwa nje, cha mke wangu kabisa. Kucha zenye weusi wa tope usiotoka kwa sabuni. Nikapiga.

Nikaisukuma simu kwake, na safari hii haikurudi. Akauliza picha inakuzwaje. Nikamwelekeza aweke vidole viwili avitanue.

"Sijawahi kukiona hivi," akasema mwishowe. "Nikisuka naona ule mstari tu nilioufikia."

Nikamwambia hiyo ndiyo picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, na sikuwa namfurahisha. Nikaituma.

Saa kumi na moja Dodoma walikuwa bado hawajajibu. Nikajiandaa na maneno ya kumpoza, nikakohoa kumpa taarifa, nikalifungua shuka. Kikapu cha sita kilikuwa juu ya mkeka, kimefungwa mstari wa mwisho. Mama hakuwepo. Nikatoka kumtafuta, nikamwona kule bondeni chini ya nyumba yetu, khanga kaifunga kiunoni, anakata nyasi. Tita la kwanza alikuwa ameshalifunga.