Ubavu wa Kulia

Miaka ile ya mwanzo ya uhuru nilikuwa mpiga picha za eksirei katika hospitali moja ya Bujumbura. Siku moja nililetewa fundi wa magari wa mtaani kwetu Buyenzi, mzee aliyesumbuliwa na maumivu makali ya figo. Picha ya kwanza ilionyesha kijiwe upande wa kulia. Daktari alitaka kujua kama kimekwama ndani ya mrija unaotoka kwenye figo au kiko nje yake, ndipo aamue kumpasua au kumwacha.

Kulala chali juu ya meza ya eksirei hakukumpa taabu. "Mi nalala hivi chini ya magari maisha yote," alisema. "Lakini leo gari iko wapi?"

Nilicheka. Muuguzi akamdunga dawa inayofanya njia ya mkojo ionekane pichani. Ilikuwa chupa yetu ya mwisho, na dawa ile haikawii kutoka mwilini. Haraka nikamgeuza: ubavu wa kulia chini, mto mgongoni, goti limekunjwa. Mzee akautazama ukuta. Mara nikasikia anatoa shahada.

"Mutoto wangu, niambie kweli. Mi nakufa?"

Mimi Mwislamu, mtoto wa Buyenzi, nilikuwa nimemlaza kama tunavyomlaza anayekata roho, uso kibla!

"Apana, baba. Ni picha tu."

Aliitikia, lakini kifua kilikuwa kikitetemeka kwa kilio, na picha haitaki hata pumzi. Nilimlaani moyoni aliyeifunga meza ile upande ule. Ubavu wa kushoto usingetuonyesha mrija vizuri. Basi nikamzungusha, kichwa kikaja palipokuwa na miguu. Alilalia ubavu ule ule, ila sasa aliutazama mlango na kibla ikabaki mgongoni.

"Hivi hakuna mutu anakufa, baba."

Akacheka, machozi bado mashavuni. "Shika pumuzi," nikasema. Akashika. "Pumua." Akapumua. Kijiwe kilikuwa ndani ya mrija. Kilitolewa, naye akarudi chini ya magari yake.

Miaka mingi baadaye, uzee ulipomlemea, wanawe waliniita nyumbani kwake. Alinitambua. "We unajua kunilaza," alininong'oneza.

Nikamlaza ubavu wa kulia, mto mgongoni, uso kibla, safari hii bila kumzungusha. Akatoa shahada, kifua kikatulia. Nilimpenda mzee yule. Nikajikuta nimeinama pale, kama kazini, nikingoja kumwambia apumue.