Joho la Diwani na Sengu ya Babu

Siku niliyovalishwa joho la udiwani ukumbini Mbinga, bibi mmoja wa kwetu alipiga vigelegele hadi Mwenyekiti wa Halmashauri akagonga meza. Alidhani nasimikwa uchifu. Babu yangu alikuwa chifu, wazee wakimwita Bambo, mpaka serikali ilipofuta uchifu baada ya uhuru. Mimi mjukuu nikarudi kwa kura. Siku ile nilicheka sana.

Vijana mnadhani udiwani ni kupanda jukwaani. Udiwani ni vikao. Kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata wenyeviti wa vijiji huleta shida zao, diwani akaongoza kikao. Zikipita hapo ndipo unazipeleka Baraza la Madiwani kugombania fungu. Mkurugenzi wetu wa kwanza, mama asiyependa porojo, aliniambia, "Mheshimiwa, umesema vizuri, lakini daraja lako halimo kwenye mpango. Liingize kwanza, ndipo ulie." Nikajifunza kulia kwa wakati wake.

Ila mimi nilikuwa na kitu ambacho madiwani wenzangu hawakuwa nacho. Sisi Wamatengo tuna sengu: jioni kila mama wa ukoo hupika kwake na kuleta chakula nyumbani kwa mkubwa, wanaume wakubwa kwa wadogo wakala pamoja, kisha yakazungumzwa ya mpaka wa shamba, ya mke aliyepigwa, ya kahawa iliyoibwa. Hapo ndipo mtoto alipojua nani baba yake mdogo na nani babu yake. Sengu yetu ilikuwa kwenye nyumba ya babu, nilimokuwa nikiishi, na aliyeiongoza ni kaka yangu Egno. Maji ya bomba ya kata nzima yalianza kujadiliwa pale, tukila ugali na usipa, dagaa wa ziwani Mbamba Bay, kabla hayajafika kikao chochote.

Nilipogombea mara ya pili, mpinzani wangu alinishtaki kwamba nalisha wapigakura. Msimamizi wa uchaguzi akaniita.

"Mheshimiwa, kila jioni watu wanakula kwako."

"Chakula si changu, mzee. Kila mama analeta cha kwake."

"Mimi nakuelewa. Hakimu atakuelewa? Simamisha mpaka kura zihesabiwe."

Nilirudi nyumbani nikamweleza Egno. Hakupandisha sauti, alinawa mikono polepole, kama mtu aliyekwisha kula.

"Mdogo wangu," alisema, "serikali ilimvua babu uchifu. Sengu haikumvua. Leo unamvua wewe?"

"Ni kwa kampeni tu, kaka."

"Sengu haina likizo."

Akaondoka, na jioni ile kila mtu akala kwake.

Nilishinda. Nikapanda hadi Makamu Mwenyekiti wa Halmashauri, nikapata daraja, nikapata zahanati. Baada ya kuapishwa niliwasha moto wa sengu uwanjani nikatuma salamu kwa ukoo wote. Akina mama hawakuja na vyungu; walikwisha kuzoea kupikia watu wa nyumba moja, na kwa kweli kazi ilikuwa imepungua. Waliokuja walikuja na shida zao, ada na mbolea, wakakaa kwenye viti wakisubiri zamu kama wako zahanati. Egno hakukanyaga tena. Tulisalimiana kanisani Mapera, basi.

Nilipostaafu nilidhani sasa tutakula pamoja, wazee wawili. Nikachelewa. Egno alifariki mwezi wa kwanza wa mapumziko yangu. Nililia hadharani, bila aibu, na sasa nikiandika nalia.

Msibani, akina mama walileta vyungu kutoka kila nyumba. Wanaume tukakaa chini, tukazunguka ugali, kama zamani zile. Moyo wangu ukafurahi, na Egno yuko kaburini. Pembeni yangu alikaa kijana mwenye ndevu, akanisogezea bakuli la usipa kwa adabu.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Wewe ni mtoto wa nani?"

Akanitajia baba yake. Baba huyo ni mtoto wa kwanza wa Egno. Babu yake na mimi tulinyonya ziwa moja, na mimi kwake ni diwani mstaafu.

Nilitaka kumwambia, niite babu. Wenzetu walikuwa wameanza kula, nami nikamega tonge.