Kibao cha Manjano Mlangoni pa Gilfeather

Na ijulikane kwa wakazi wote wa Corliss Mills, wakubwa kwa wadogo, kwamba makala haya ni matunda ya uchunguzi mrefu, huru, usiomwogopa mtu. Uchunguzi ulichukua asubuhi mbili. Mchana mwandishi alikuwa akitumikia adhabu ya kubandua chingamu chini ya madawati ya shule yake ya bweni.

Saa moja kasorobo asubuhi, Lorraine Pelkey anaegesha gari mbele ya duka la samani la Gilfeather, lililo tupu mwaka wa sita sasa. Anashuka na kahawa yake, anakipiga picha kibao cha manjano mlangoni, anaandika tarehe.

"Kipo," anasema, kama mtu aliyemaliza kuhesabu kuku wake.

Kibao kimeshikwa na skrubu nne. Ya nne ina kutu, haitoki mpaka uisukume kwanza. Kinatangaza ombi la kubadili matumizi ya jengo, kutoka biashara hadi kituo cha kutunza wazee mchana, na kuwaalika watu watoe maoni. Kanuni ya mji ni kwamba kikae siku kumi na tano mfululizo ndipo baraza liketi. Kikikosekana siku moja, hesabu inaanza upya.

Lorraine, miaka sitini na mbili, ni karani wa mipango miji, peke yake ofisini, kwa dola ishirini na moja kwa saa.

"Watu wanadhani nagonga mihuri tu," anasema. "Kapime maegesho juu ya barafu, halafu uje tuongee."

Mwombaji ni muuguzi Odile Brochu, anayetunza wazee tisa kwenye chumba kilicho chini ya kanisa.

"Ngazi kumi na nne," anasema Odile. "Mzee Fernand nambeba mgongoni. Ananiambia, 'Polepole, punda wangu.' Kwa Gilfeather hakuna ngazi hata moja."

Ila paa linavuja, na mwenye jengo ameapa: kibali kisipopatikana kabla ya theluji, analibomoa.

Baraza lilikuwa liketi tarehe kumi na sita Oktoba. Siku ya kumi na mbili ya hesabu, kibao kikatoweka. Kilionekana kwenye mlango wa mkuu wa shule hiyo ya bweni, na watu kumi na mmoja wakampelekea maoni. Tisa waliunga mkono mabadiliko.

Mji mzima ulicheka. Lorraine hakucheka.

"Nilimpigia Odile," anasema. "Akaniuliza tarehe mpya. Nyuma yake nikamsikia mzee anauliza, 'Tunahama lini?'"

Sasa baraza litaketi tarehe thelathini. Mwaka jana theluji ilianguka tarehe ishirini na sita.

Alipokuwa na miaka kumi na saba, Lorraine alikuwa kibarua wa kufuta vumbi kwenye vitanda vya duka la Gilfeather. Desemba anastaafu. "Nataka niingie humu niwakute wazee wakigombania rimoti. Basi, sina kubwa zaidi."

Mwandishi alimpa asome makala haya kwanza. Alipofika kwenye skrubu, akaweka donati chini.

"We kijana. Ya nne ina kutu?"

"Ndiyo, bibi."

"Na haitoki mpaka uisukume?"

Mwandishi akaanza kukunja pembe ya karatasi.

"Nilizifunga mwenyewe, nikazifunika kwa ukingo wa mbao. Ukisimama mbele huzioni. Nani kakwambia?"

Hakuna aliyemwambia. Kibao kiling'olewa na mwandishi wa makala haya, kwa bisibisi ya karakana ya shule, na samahani anayowaomba Odile, Mzee Fernand na Bibi Pelkey haina utani ndani yake. Sentensi ya skrubu alitaka kuifuta; Bibi Pelkey akakataa.

Leo ni siku ya sita ya hesabu mpya. Kamera anaishika mwandishi.