Kibaraza cha Vioo Kilichopimwa Kabla ya Kubomolewa

Saa tatu na dakika ishirini asubuhi fundi alifika nyumbani kwetu Igoma na nyundo, tayari kubomoa kibaraza cha vioo ambacho fremu zake za mbao zilikuwa zimeoza. Nilimzuia. Kibali changu cha ukarabati kilisema kibaraza kipya kikae juu ya msingi wa zamani, kisizidi. Tukishabomoa, nani angejua cha zamani kiliishia wapi? Nikavuta futi kutoka kwenye jiwe kubwa la uani hadi kila pembe, nikaandika vipimo, na mwenyekiti wa mtaa akavigongea muhuri.

"Mzee, unapima jiwe?" fundi alicheka. "Unaogopa litahama?"

"Halihami. Ndiyo maana naanzia hapo."

Wiki tatu baadaye, vioo vipya vikiwa vimekaa kwenye alumini, mkaguzi wa majengo alikuja na kopo la rangi nyekundu. Jirani alikuwa amelalamika kwamba tumejiongezea eneo. Mkaguzi akipiga X ukutani, tunabomoa. Nilimpa kibali na karatasi yenye muhuri. Akapima mwenyewe kutoka kwenye jiwe, fundi akimshikia futi bila kucheka. Pembe zote zililingana.

"Mzee, umesomea ujenzi wapi?" mkaguzi aliuliza.

"Sikusomea. Nilisoma kibali."

Alifunga kopo lake, akaaga. Nilisimama kibarazani kwa fahari, nikajumlisha gharama ya vioo, alumini na ufundi ambayo ingepotea: shilingi milioni mbili na laki tatu.